Karatasi ya Alama za Binti Yangu

Wa kwanza kulaumiwa ni katibu wa kanisa letu la Bellevue. Wa pili ni baba mmoja Mkenya tunayesali naye, mfanyakazi wa benki. Wa tatu nitamtaja nikifika.

Binti yangu alisoma kwanza sayansi, miaka mitatu, akapata digrii, ndipo akaomba kuingia udaktari. Walipomkubali, nilifanya kama tunavyofanya sisi Wakongomani: mwenye habari njema huipeleka karatasi yake mbele, iwekewe mikono na kuombewa. Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza cha kuandikwa kinanishinda. Nikabeba bahasha nzima. Kumbe ndani, pamoja na barua ya kukubaliwa, mlikuwa na karatasi ya alama zote za digrii ya kwanza.

Katibu hakuiombea. Alisoma. Kwenye kipaza sauti, somo kwa somo, mpaka akafika fizikia.

"Hamsini kwa mia," akasema, akanitazama. "Lakini Mungu wetu ni wa rehema, maman."

Watu wakaitikia amina, na wengine walicheka. Niliwaona ni kina nani. Na katibu mwenyewe ni mama mwenye binti wa rika la wangu, aliyeomba udaktari akakosa. Nani atanidanganya kwamba alisoma kwa bahati mbaya?

Baada ya ibada, yule Mkenya akanifuata na kikombe chake cha chai. Mtu mpole, na wapole ndio ninaowaogopa.

"Mama, nikuambie ukweli. Hizo alama hazifutiki. Kuna siku watu hurudi kuziangalia."

"Siku gani?"

"Pengine akitaka kusomea upasuaji. Huwezi jua."

Hilo la upasuaji halikuniingia. Nilisikia neno moja tu, kwamba watu hurudi.

Nyumbani nikamwambia binti yangu. Alikuwa anapiga pasi, hata hakugeuka.

"Mama, ile imeisha. Ni kama robot, zile taa za barabarani. Ukishavuka barabara, nani atakuuliza taa ilikuwa rangi gani?"

"Polisi."

"Eish, mama."

Alicheka. Mimi sikucheka. Alipoenda kuoga nilichukua ile karatasi, nikaikunja mara mbili, nikaishonea ndani ya bitana ya koti langu la baridi. Mimi ni fundi cherehani, mshono wangu hauonekani. Na si wazimu. Tulipokimbia vita kutoka Uvira, mama yangu alishona kadi zetu zote ndani ya nguo, na kwenye vizuizi vya barabarani wale waliokuwa na karatasi mkononi walisomwa majina yao wakatolewa kando. Sisi tulipita kama watu wasio na kitu. Halafu mwaka 2015, wenyeji walipotutoa sisi wageni mtaani Jeppestown kwa fimbo, nilikimbia na koti tu, na vibali vyetu vilikuwa ndani yake. Kwangu karatasi haijawahi kulala kwenye droo.

Wiki ya kwanza ya masomo, Jumanne, binti akarudi amebadilika uso. Kitivo kinataka kila mwanafunzi alete karatasi ya alama za digrii ya kwanza, yenyewe halisi, mwisho Ijumaa saa kumi. Asiyeleta, nafasi yake anapewa anayengoja.

"Iko wapi, mama? Uliirudisha kutoka kanisani?"

"Sijui."

Nilisema hivyo hivyo, nikaendelea kushona. Kichwani nilikuwa najiuliza: kama alama zimeisha kazi, wanazitakia nini? Nani amewapigia simu? Nikamwona akilini katibu na simu yake. Niliona heri waseme karatasi imepotea kuliko waione ile hamsini wamfukuze. Kwamba karatasi ikikosekana atafukuzwa vilevile, sikuliona.

Jumatano alipindua godoro. Alienda chuo chake cha zamani kuomba nyingine, wakamwambia wiki tatu. Alimpigia hata katibu, akajibiwa, "Tulimrudishia mama yako." Nilimsikia, nikatia uzi kwenye sindano.

Alhamisi mchana aliacha kutafuta. Alikaa kitandani, akampigia mama wa saluni ya Hillbrow, ambaye zamani yeye binti alimsaidia kusuka wateja, akamuuliza kama bado anataka mtu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya.

Nikachukua wembe, nikashusha koti, nikaanza kufumua mbele yake. Karatasi ikatoka.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua."

"Siku tatu, mama."

Huyo ndiye wa tatu wa kulaumiwa. Ni mimi.

Ijumaa nilimfuata chuoni, hakunikaribisha wala hakunizuia. Mama wa dirishani, pale ofisi ya kitivo, aliangalia jina, muhuri, na mstari wa chini unaosema amemaliza. Akatoa nakala, akarudisha karatasi. Kidole chake hakikupita hata karibu na fizikia.

"Muulize kuhusu hizo namba," nikamwambia binti.

Aliuliza, kwa aibu. Yule mama akajibu, binti akanitafsiria akiangalia sakafu: alama hizo waliziangalia mwaka jana wakati wa kuchagua. Sasa wanathibitisha tu kwamba digrii ni ya kweli. Kuanzia hapa anahesabiwa kwa atakachofanya hapa.

"Na akitaka upasuaji?"

"Mama, twende."

Labda yule mama wa dirishani alisema kweli. Labda hata Mkenya alisema kweli yake, ya miaka ya mbele, nami nikaisikia vibaya. Katibu simsamehei.

Karatasi ile binti aliitia kwenye mkoba wake mwenyewe, na mwezi huo huo akahamia bweni la chuo. Jumapili huja kula. Mitihani ikitoka, namuuliza amepata ngapi.

"Nimepita, mama."

"Ngapi?"

"Nimepita."

Anaongeza ugali kwenye sahani yake. Karatasi hanionyeshi tena, basi mimi namtazama mikono, na sijui kama ni mikono ya mtu aliyepita.