Tingatinga Aliyeogopa Ngazi

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Bungoma kununua koki ya tangi la maji, na kabla sijafungua mdomo, pua yangu ikanipeleka Kitale. Ilikuwa harufu ya kamba za katani, misumari mipya yenye mafuta, rangi ya mbao, na kutoka mahali fulani huko nyuma, kitunguu kilichokuwa kikikaangwa na bizari. Mwenye duka aliniuliza mara ya pili ninataka nini. Nikamwambia nimesahau, na kwa kweli nilikuwa nimesahau.

Harufu hiyo kwangu ni ya duka la kina Simran. Simran alikuwa rafiki yangu wa shule ya msingi. Tuliketi dawati moja la nyuma kwa sababu sote wawili tulikuwa warefu na mwalimu hakutaka tuwazibe wenzetu ubao. Familia yao iliuza mabati, saruji na misumari katikati ya mji, na mama yangu alikuwa na kibanda cha kushona mapazia hatua chache kutoka hapo. Jumamosi nilishuka na Mama kutoka kwetu Kibomet, na akishaketi tu kwenye cherehani yake, mimi nilijipenyeza hadi stoo ya kina Simran. Huko, kati ya ndoo za rangi na mabunda ya nyaya, kulikuwa na kompyuta ya kaka yake, ambaye alikuwa amekwenda kusoma Nairobi. Na ndani ya hiyo kompyuta kulikuwa na gemu.

Msinicheke nikisema kwamba gemu hiyo ni miongoni mwa vitu vilivyonilea. Ilihusu kundi dogo la watu waliokuwa wakivusha chumvi na dawa kupita milima yenye vita. Hukumwongoza mtu mmoja. Uliwaongoza wote kwa zamu, polepole, kama mtu anayesogeza kete za drafti, na kila mmoja alikuwa na mwili kama wangu na wako. Mzigo ulikuwa na uzito. Ukimbebesha mtu chakula kingi alijikokota. Ukimpunguzia alifika mapema, lakini jioni mlilala njaa. Viatu vilichakaa. Aliyeumia alibebwa na wenzake, na wenzake hao walilazimika kuacha kitu kingine njiani. Aliyekufa alikufa, na jina lake halikurudi tena.

Binamu zangu walikuwa na gemu zao ambazo mtu hupigwa risasi, akaokota paja la kuku barabarani, akalila, akapona. Waliniambia yetu ni ya kuchosha. Lakini sisi Kibomet mvua ikinyesha, tope lilikuwa likishika gambuti na kubaki nayo, mguu ukatoka na soksi tupu. Hiyo ilikuwa gemu ya kwanza kuona ambayo ilijua tope. Nilihisi kwamba kama aliyeitengeneza alisema kweli juu ya tope, basi hatanidanganya katika mambo mengine.

Tuliruhusiwa kuwapa watu wetu majina. Kulikuwa na jamaa mmoja mkubwa, mabega kama kabati, ambaye alibeba mizigo ya watu watatu bila kunung'unika. Huyo tulimwita Tingatinga, na tulimpenda kuliko wote. Kisha siku moja Simran akampandisha ngazi ndefu ya ukuta wa ngome, ngazi ikavunjika, na Tingatinga akaanguka akavunjika mguu. Tulimbeba Jumamosi nyingi. Tuliacha nyuma magunia ya chumvi kwa ajili yake. Hatimaye mguu ukapona, tukashangilia, tukafika kwenye ngazi nyingine, fupi tu, na Tingatinga akakataa kupanda. Maneno yakatokea chini ya picha yake kwamba anaogopa.

"Hii gemu imeharibika, bana," Simran akasema. "Mguu si umepona?"

Tulimwamuru tena na tena. Kila tulipomwamuru, ile alama ndogo ya hofu kando ya jina lake ilizidi kukua, na mwishowe akaketi chini kabisa.

Muhula huohuo, Kukhu wangu alikuwa amelala sebuleni kwetu. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Alikuwa akiishi peke yake kijijini upande wa Bungoma, na ng'ombe wake mmoja, na jiko lake la nje. Asubuhi moja ya mvua aliteleza kwenye sakafu ya jiko hilo akavunjika mguu. Mjomba Wafula, kaka yake Mama, alimleta Kitale akae kwetu mpaka apone.

Mama alimtunza kama yai. Chai ilimfuata kitandani, uji ukamfuata, maji ya kunawa yakamfuata. Plasta ilipotolewa, daktari alisema mfupa umeshikana vizuri na sasa mama huyu atembee, kidogo kidogo, kila siku. Kukhu alimsikiliza kwa heshima zote, akarudi nyumbani, akapanda kitandani. Mama akambembeleza. Baba akamchongea mkongojo mzuri wa mti wa mpera. Mkongojo ukasimama kona ya chumba na vumbi lake.

Mjomba alipokuja kumwona, alikaa kando ya kitanda akasema kwa upole, "Mama, hakuna haja ya kujisumbua. Mimi nitamchukua ng'ombe, nyumba tutafunga, wewe kaa hapa upumzike."

Nilitarajia Kukhu amkemee. Huyu alikuwa mwanamke aliyewahi kumfukuza fahali wa jirani kwa kandambili. Badala yake aligeuza uso ukutani. Ingawa nilikuwa mtoto, nilijua kwamba watu wazima walikuwa wamekaribia kukubaliana jambo ambalo halitarudi nyuma.

Sasa ikatokea kwamba Jumamosi moja Mama alikuwa akimtoa Kukhu kliniki kwa teksi, wakapitia mjini afunge kibanda, na mvua ya Kitale ikashuka kama inavyojua. Baba yake Simran na dereva walimbeba Kukhu mzima mzima, wakamleta stoo tulikokuwa mimi na Simran, wakamketisha karibu na Biji. Biji alikuwa bibi yake Simran, mama mnene mwenye shali nyeupe, ambaye kila siku aliketi hapo kwenye kiti cha plastiki akitoa mawe kwenye dengu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, maneno machache yenye kazi. Kiswahili cha Kukhu kilikuwa cha kanisani na sokoni, na ndani yake l na r zilibadilishana viti zilivyotaka. Walisalimiana, wakatazama tulichokuwa tukitazama sisi.

"Huyu mkubwa mbona amekaa?" Kukhu akauliza.

"Anaogopa ngazi, Kukhu," nikamjibu. "Alianguka."

"Mguu haujapona?"

"Umepona kitambo," Simran akasema. "Ni uoga tu. Tunamwambia apande, anakataa."

"Mnamwambia kira saa?"

"Kila saa."

Kukhu aliegemea mbele, akaangalia kioo kwa makini kama mtu anayetazama mgonjwa wa jirani.

"Muache kumpigia kerere," akasema. "Mpeni kazi ya kalibu. Na asikae peke yake. Yule mama wa sufuria, mweke hapo kando yake."

Mama wa sufuria alikuwa mpishi wa kundi letu, mwanamke asiyejua kupigana hata kidogo, ambaye sisi tulimwacha nyuma kila mara. Tulimrudisha, tukamweka kando ya Tingatinga, tukampa Tingatinga kazi ya kuokota kuni hapohapo chini ya ukuta. Ile alama ya hofu ikapungua, kidogo sana, kama ukucha. Simran akanitazama. Hakuna mahali popote ambapo gemu ilikuwa imetuambia hivyo. Ilikuwa imeyaficha hayo ndani, ikisubiri mtu wa kuyafikiria.

Biji, ambaye sikujua kwamba anasikiliza, aliusogeza ungo wake wa dengu mpaka ukakaa katikati ya magoti yao wawili.

"Saidia," akamwambia Kukhu.

Kukhu akatia mikono.

Kesho yake, baada ya kanisa, nilichukua beseni la maharagwe ya kuchagua, na badala ya kumpelekea Kukhu kitandani nililiweka mlangoni, penye jua, na kigoda. Mimi nikaketi upande wa pili. Mama alitoka jikoni akaona.

"Nekesa, unamchezea mgonjwa? Mpelekee."

"Mwache," Kukhu akasema kutoka ndani.

Tukasikia kitanda kikilia. Tukasikia mkongojo ukigonga sakafu, ukatulia, ukagonga tena. Mama alisimama na mwiko mkononi, mchuzi ukidondoka kwenye kanga yake, na nikaona jinsi alivyojizuia asikimbie kumshika. Mimi nilichagua maharagwe kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena, bila kuinua macho. Kukhu alifika, akashuka kigodani kwa pumzi ndefu, akachukua haragwe moja, akalitupa.

"Haya ni mabovu," akasema. "Nani alinunua?"

Tangu siku hiyo Jumamosi tulishuka mjini watatu. Duka la kina Simran lilikuwa na ngazi mbili za mawe mbele, na mara ya kwanza Kukhu alisimama chini yake akishika ukuta. Baba yake Simran alitaka kuja kumshika. Biji akamzuia kwa mkono. Hakumpungia Kukhu wala kumtia moyo. Aliketi tu palepale mlangoni, penye kuonekana, akasema dengu ya leo imejaa mawe. Kukhu akapanda. Tingatinga naye alipanda ngazi yake siku nyingine ambayo sikumbuki vizuri, na sisi wawili tulipiga makofi mpaka mteja wa saruji akaja kuchungulia.

Mahindi yalipokauka, Kukhu alitaka kurudi kwake. Tulimsindikiza sote. Mjomba Wafula alikuwa ametengeneza paa, na alimuuliza anahitaji nini kingine, godoro jipya labda, au taa. Kukhu alisimama katikati ya jiko lake akauelekeza mkongojo kwenye ukuta.

"Hapo. Nataka mrango."

"Mama, jikoni milango miwili?" Mjomba akacheka. "Kuku wataingia huku watoke kule, kama sokoni."

"Waingie."

Sote tulicheka. Mjomba alikata ukuta wa udongo akatia mlango upande wa kwa jirani, Mama Naliaka, na kwa miaka yote ambayo Kukhu aliishi baada ya hapo, na iliishia kuwa mingi na mizuri, mlango huo ulikuwa wazi, hata mvua ikiingia. Ng'ombe wake alizaa mara kadhaa. Nilidhani ni mambo ya wazee tu, kutaka upepo.

Mimi sasa ni mtu mzima, nina duka la dawa za mifugo hapa Bungoma, na Jumapili bado nacheza gemu za aina ileile. Simran, ambaye yuko mbali siku hizi, hucheza nami tukiongea kwa simu. Wenzangu huniuliza kwa nini, baada ya wiki nzima ya kuchoka, nipumzike kwa kuongoza watu wanaochoka. Nilikuwa nikiwajibu kwamba ni kwa sababu ya tope. Jibu hilo lilinitosha mpaka mwaka jana.

Mwaka jana, msimu wa mvua, niliteleza nikipiga deki. Sikuumia. Nilikaa tu chini, mgongo umeshtuka, na kwa kuwa nilikuwa nimeshtuka nikaita jirani. Redio yake ilikuwa juu. Nikaita tena. Mlango wangu ulikuwa umefungwa, na nilisikia jinsi sauti yangu ilivyogonga ukuta ikarudi. Haikuchukua muda, nilinyanyuka mwenyewe. Lakini nilikaa kwenye kiti na nguo mbichi, nikamwona Kukhu amesimama katikati ya jiko, akielekeza mkongojo.

Nilimpigia Mama simu. Nikamuuliza siku ile Kukhu alipoanguka ilikuwaje hasa, kwa sababu sisi watoto tuliambiwa alionekana palepale.

"Alilala pale sakafuni tangu kukama mpaka jua likawa kali," Mama akasema. "Aliita mpaka sauti ikaisha. Kwa Mama Naliaka walikuwa nyumbani, lakini hawakusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Hata mimi hakuniambia. Alimwambia Biji. Biji ndiye aliniambia, baada ya mazishi ya Kukhu wako."

Kwa hiyo alichoogopa haikuwa mguu, wala kuanguka, bali kuita asisikiwe na mtu. Sisi tulidhani tumemponya kwa maharagwe, nami nilitembea miaka mingi nikijivuna kimoyomoyo. Yeye alikuwa ametuambia wazi pale stoo, mbele ya kioo, kitu alichokihitaji, na akatuambia kwa habari za mtu mwingine kwa sababu hivyo ilikuwa rahisi zaidi kusema. Asikae peke yake. Nafikiri yule aliyeitengeneza gemu yetu, popote alipo, aliwahi kuketi karibu na mtu wa namna hiyo na akamsikiliza vizuri. Ndiyo maana naipenda.

Kesho yake, nikiwa upande wangu wa ua, nilimweleza jirani yangu kwamba nilianguka na nikamwita. Alisikitika, akapunguza redio. Sasa kila asubuhi, akitoka kuanika nguo, huniita kwa jina, nami huitika, hata kama nina mswaki mdomoni.