Midomo Yangu Mbele ya Mtungi

Naona haya hata kuandika, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Rugenge wanaijua habari hii, heri muisikie kwangu mwenyewe.

Midomo yangu ilikuwa ya kawaida, ya mama, haikunikosea kitu. Ila kwenye simu nilikuwa naona wadada wenye midomo iliyojaa, nikaota picha zangu za siku ya mahari zikizunguka mpaka ng'ambo ya ziwa (kuota ndiyo kazi ninayoiweza), basi siku moja kabla nikaenda kwa msusi mmoja wa mtaa wa Kimanga, aliyejifunza kusuka, si kuchoma sindano, akatoa kichupa kisicho na jina, akasema, "Dada, ni dakika tu," akanichoma midomoni, na sikuuliza ndani kuna nini. Mimi ninayenusa kila samaki, kila sangala, kabla ya kununua!

Asubuhi nikaamka na mdomo wa sangala huyo huyo, umevimba, umekufa ganzi. Nikajifunika kitenge mpaka puani, wakwe wakanisifu: "Angalia, mutoto iko na haya!" Nikafikiri nimepona. Nilisahau mtungi. Kwetu binti akikubali anakunywa pombe ya mtama pamoja na mchumba wake, mtungi mmoja, mirija miwili, watu wote wakitazama. Nikapenyeza mrija chini ya kitenge, nikavuta: hakuna kitu. Nikavuta tena, pombe ikapanda kidogo, ikamwagikia gauni, mrija ukaanguka.

Baba mdogo wa mchumba wangu Espoir akasimama.

"Anakataa kijana wetu? Turudi na ng'ombe yetu?"

Nikaona ndoa inaondoka na ng'ombe. Nikatoa kitenge usoni, nalia. Mtu akaita Yesu.

"Sheri, mpenzi wangu," Espoir akasema polepole, "nani alikupiga?"

"Miye mwenyewe," nikajibu, mate yakinitoka.

Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaomba kijiko, akaninywesha mbele ya wazee kama mtoto mgonjwa.

"Amekubali!" baba mdogo akatangaza. "Kwa kijiko, lakini amekubali!"

Shangazi yangu, muuguzi, hakucheka. Alinitoa kwenye ngoma na gauni lile lile mpaka hospitali, daktari akauliza nilichomwa dawa gani, nikamwambia sikuuliza, naye akasema ingeingia kwenye mshipa wa damu, mdomo ungeweza kuoza.

"Weye uko na bahati kuliko akili," shangazi akaniambia.

Uvimbe ulishuka, kikabaki kinundu upande wa kushoto, na jina mtaani: Mama Kijiko. Midomo ya kwenye simu naifurahia huko huko kwenye simu, na atakayenisogelea tena na sindano ya urembo, atasikia nimeshakimbia mpaka bandarini Kalundu, viatu mkononi.