Ardhi ya Bwana Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha simu ya upepo pale Bagamoyo, Fundi Mkuu hakunipa kiti wala chai. Aliitikia shikamoo yangu, akanitia koleo la kukatia waya mkononi na kusema, "Hiki ndicho cheti chako. Kile cha shule ya usiku kampe mama'ko akitundike." Nilicheka mpaka vifungo vya shati vikataka kukatika. Sikujua kwamba koleo lile ndilo litakalonihamisha mji.

Kituo chetu kilizungumza na meli. Mawimbi ya redio huanza yakiwa dhaifu kama mgonjwa wa malaria, kwa hiyo hupitishwa kwenye kikuza mawimbi, mashine inayoyapa nguvu kabla hayajapanda mlingotini. Ya kwetu ilikuwa na vali, zile taa za kioo, zenye joto la kuchoma muhogo ukaiva. Koili zake, ile misokoto ya waya wa shaba, Fundi Mkuu alizisuka mwenyewe kwa mkono, na akizitaja ungedhani anataja wanawe.

Ndipo akaja Bwana Mkaguzi kutoka Dar es Salaam na oskiloskopu. Vijana wa leo mnaibeba kwapani. Ile yake ilishushwa na wanaume sita, na naapa gari lilinyanyuka shibiri nzima. Ni chombo chenye kioo kinachokuchorea umbo la umeme. Kina nyaya mbili: mmoja una sindano ya kugusia pale unapotaka kupima, wa pili ni wa ardhi, unaokiambia chombo kianzie wapi kuhesabu.

Na hapo kwenye neno "ardhi" ndipo damu yangu inapochemka hadi leo. Bwana Mkaguzi aliamuru chuma kipigiliwe uani, karibu na jiko, kisha akauvuta ule waya wa ardhi kutoka jirani na sindano, ukapita dirishani, hadi kule. Ungetosha kufungia mbuzi wa Bagamoyo nzima.

"Bwana," Fundi Mkuu akasema kwa adabu, "ardhi ya mashine hii ni bati lake la chini. Liko hapa hapa, kidole kimoja kutoka kwenye sindano."

"Ardhi ni ardhi, Fundi. Iko nje, unaikanyaga."

"Hiyo ni ya radi, Bwana. Mawimbi haya yana kasi. Ukiyapa njia ndefu namna hiyo, waya wenyewe utaanza kuimba."

Ukaimba kweli. Wimbi pale kiooni likajaa miiba kama nungunungu aliyechokozwa. Bwana Mkaguzi akatangaza kwamba mashine ni mbovu, koili zimesukwa ovyo. Itang'olewa, na Fundi Mkuu atashushwa cheo. Kisha akaenda kula. Akaenda kula! Amemvunjia mtu kazi ya maisha yake, naye anauliza kama kuna samaki wa kupaka!

Fundi Mkuu akakaa juu ya sanduku, akawa anafuta vumbi kwenye koili zake kwa kitambaa.

"Tuukate ule waya, Fundi Mkuu."

"Mali ya serikali hiyo, msomi wa usiku."

"Na wewe ni mali ya nani?"

Nikachukua koleo, nikaukata, nikabakiza kipande cha urefu wa kidole na kukibana kwenye bati. Miiba yote ikatoweka. Wimbi likapanda na kushuka laini, kama kanzu ya Idi iliyotoka kupigwa pasi.

Bwana Mkaguzi aliporudi hakutazama kioo. Alitazama dirisha.

"Nani amekata waya wangu?"

"Mimi, Bwana," nikasema.

"Mimi," akasema Fundi Mkuu, maneno yetu yakagongana.

Ndipo akageukia kioo. Akapima tena, akapima upande huu, akapima ule. Hakusema samahani. Hata "kumbe" hakusema! "Mashine inafaa," akatamka. "Lakini huyu kijana hana adabu." Akanitupia lile rundo la waya kifuani. "Chukua takataka yako."

Fundi Mkuu alibaki na cheo chake mpaka alipostaafu. Mimi nikapelekwa Vigwaza kukagua nguzo za simu, kisha Lugoba, ambako Msimamizi wa Laini alinipokea kwa swali.

"Wewe ndiye mkata waya?"

"Ndimi."

"Basi kaa mbali na nyaya zangu."

Nyaya zake! Na kazi yenyewe ilikuwa ni nyaya!

Sasa nimestaafu. Juzi niliingia karakana moja ya redio, nikamkuta kijana anapima kikuza mawimbi huku waya wa ardhi unaning'inia hadi sakafuni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka na marungu wakidhani kaingia mwizi. Ufupisheni, jamani! Ubaneni palepale jirani na sindano. Na kabla hujaiita kazi ya mwenzio mbovu, tazama kwanza ulivyoshika chombo chako.

Rundo lile ninalo bado. Limezunguka uani kwangu, na mke wangu huanikia kanga, mashuka na kanzu zangu zote, nafasi ikabaki. Wageni wakishangaa waya gani mrefu hivi, yeye huwajibu kabla sijafungua mdomo:

"Ardhi ya Bwana Mkaguzi hiyo. Hebu nipitishieni vibanio."