Mafuta Yaliyomwinua Ng'ombe

Nina karakana ndogo Masuguru, hapa Korogwe. Natengeneza paipu za haidroliki, zile paipu nene za mpira zinazopitisha mafuta kwenye matrekta na mitambo ya kuchimbia. Siku ile niliitwa Handeni. Mtambo uliokuwa ukichimba lambo la kijiji ulikuwa unavuja kwenye maungio ya paipu moja, na opareta alikuwa ameikaza nati mpaka amechoka. Nikatia spana, matambaa na oringi mpya, vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje, kwenye begi, nikapanda basi asubuhi, kisha bodaboda ikanimalizia njia ya vumbi.

Nilitegemea kumkuta opareta amejilaza kivulini akinisubiri. Badala yake nikakuta watu wamejaa ukingoni mwa shimo, kimya kama walio msibani. Chini, pale maji ya ardhini yalipoanza kuchimbuka, ng'ombe mwekundu alikuwa amezama kwenye tope hadi mabegani. Alishuka alfajiri kutafuta maji, akanasa. Mwenye ng'ombe, mama mtu mzima wa Kimasai, alikuwa ameketi humo humo topeni, amekipakata kichwa chake ili pua isizame.

"Shikamoo, mama," nikamwita kutoka juu.

"Marahaba. Ndiye wewe fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi fanya upesi. Huyu ana mimba."

Wanaume walikuwa wameshajaribu kamba. Kila walipovuta, shingo ilinyooka, mwili ukabaki pale pale kama umeota mizizi. Opareta, kijana wa Kizigua aliyeloa mafuta kifua kizima, alinipeleka kwenye mtambo wake.

"Dada, nilitaka kumwinua na huu," alisema. "Mkono ukapanda vizuri, halafu ukaanza kushuka wenyewe. Na watu wako chini. Nikaogopa."

"Ulifanya vyema kuogopa. Panavuja wapi hasa?"

"Nasikia sauti tu. Iko huku nyuma ya bati, sipaoni."

Injini ilikuwa inanguruma. Akapitisha mkono nyuma ya bati, akaanza kuipapasa paipu.

"Toa mkono!"

Nilipiga kelele hadi watu wa ukingoni wakageuka. Fundi aliyenifundisha kazi alikatwa kidole kwa kupapasa namna hiyo. Mafuta yanayoruka kwa shinikizo kubwa yalimwingia mwilini kwa kitundu ambacho hata damu hakikutoa. Akacheka, akaendelea na kazi, na kufika jioni mkono mzima ulikuwa umevimba na kubadilika rangi.

Niliomba boksi tupu la maji ya chupa, nikalikunjua, nikalipitisha taratibu pale alipokuwa amepeleka vidole. Hatukuona kitu. Hakukuwa na tone wala mchirizi, ila ukungu mwembamba kama mvuke wa chai. Nilipolivuta nje, boksi lilikuwa limechanwa mstari mmoja ulionyooka, safi, kama kwa wembe mpya. Opareta akalitazama boksi, akavitazama vidole vyake, akavificha kwapani. Mimi kazi hii naijua, lakini kila ninapoona mchano ule nywele hunisimama.

Nikamwambia alaze chini baketi, lile koleo kubwa la mtambo, azime injini, kisha azichezeshe nyenzo za kuuendeshea ili nguvu iliyobaki ndani ya paipu iishe. Nikailegeza nati polepole. Ndani, oringi ilikuwa imebanwa hadi imekatika, na punje za mchanga zimekaa juu yake. Paipu yenyewe ilikuwa imefungwa ikiwa imejisokota, kwa hiyo kila mkono ulipofanya kazi, paipu ilitaka kujinyoosha na nati ikalegea. Naye kila alipokaza zaidi, alizidi kuisaga oringi. Nikafuta nyuso zote mbili za maungio mpaka zikang'aa, nikapaka oringi mpya mafuta, nikainyoosha paipu, nikakaza kwa spana mbili, moja ikishika, nyingine ikizungusha. Tukaongeza mafuta kwenye tangi, nikapitisha boksi tena. Likatoka zima.

"Haya," nikamwambia. "Sasa ni zamu yako."

Wanaume walishuka, wakachimba kwa mikono chini ya tumbo, wakapitisha mikanda mipana ya kufungia mizigo, wakaitundika kwenye baketi. Mama alikataa kabisa kupanda juu hadi mikanda yote ikae. Ndipo opareta akagusa wenzo.

Baketi lile lilikuwa limevunja mawe wiki nzima. Niliwahi kusikia baketi kama hilo likipasua mwamba, meno yakanisisimka. Sasa lilipanda taratibu kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala. Tope likaguna, likavuta, halafu likaachia kwa sauti kubwa. Ng'ombe akaning'inia hewani, miguu minne ikichuruzika, macho wazi. Mimi nilikuwa nimekodolea macho nati ile ndogo, nikifikiri kwamba uzito wote ule, na ndama asiyezaliwa, umebebwa na mafuta yanayopita ndani ya mpira ninaoweza kuushika kwa kiganja kimoja. Nilijikuta nasema "Subhanallah" kwa sauti.

Alilazwa kwenye nchi kavu. Kwa muda hakusimama, na mama akawa anamsugua miguu kwa majani, akiongea naye Kimasai. Kisha ng'ombe akapiga magoti ya mbele, akaanguka, akapiga tena, akasimama akitetemeka. Watu wakashangilia.

Mama akaja kwangu, akaishika mikono yangu yenye mafuta, akaitemea mate kidogo viganjani, ndiyo baraka ya kwao. Kisha akamwendea opareta, naye akambariki.

"Na huyu?" opareta akauliza akiuonesha mtambo, nusu mzaha.

Mama hakucheka. Aliuendea, akasimama mbele yake, akautemea mate kwenye chuma cha mkono wake, akaweka kiganja pale kwa muda mrefu. Halafu akamswaga ng'ombe wake polepole kuelekea malishoni.