Zulia la Mama Hellen na Mbwa Aliyeitwa Jenerali

Ukifika Marangu ukauliza nyumba ya Aminieli, utaulizwa, Aminieli yupi? Ukisema yule aliyekuwa anapandisha wageni mlimani, bado watakukodolea macho, maana nusu ya wanaume wa pale wamepandisha wageni mlimani, na nusu nyingine wanasema wamepandisha. Lakini ukisema yule anayesalimia, mtoto yeyote atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni.

Aminieli anasalimia, bwana. Wengine husalimia wakapita. Yeye akisalimia anapiga kambi. Ataanza na shikamoo au marahaba, inategemea mvi zako, atashuka kwenye shimbonyi ya Kichagga, kisha atauliza ng'ombe. Ng'ombe akijibiwa, anauliza ndama. Halafu goti la mama yako. Halafu yule kijana wako wa Dar, kama bado anaahidi kuleta mabati. Wewe uliyetumwa chumvi utarudi nyumbani watu wameshakula mtori bila chumvi na wamelala.

Magoti yalipomkatalia mlima, alikaa nyumbani akawa hana wa kumwongoza. Mkewe Esther haongozwi, hilo kijiji kizima kinajua. Ndipo binti yao Hellen, anayeuza vitambaa Moshi mjini, akapanda na zawadi mbili: zulia jekundu lenye maua kwa mama, na mtoto wa mbwa mweusi mwenye soksi nyeupe kwa baba. Hellen ana akili nyingi, lakini siku ile alikosea. Vitu vile viwili havikupaswa kuingia nyumba moja, achilia mbali siku moja.

"Huyu ataitwa Jenerali," Aminieli alitangaza.

"Jenerali wa nini? Hata masikio hajasimamisha," Esther alisema, huku akilinyoosha zulia lake kwa vidole vya miguu.

Ilikuwa Julai, na nyie wa Moshi mjini msiseme mnaijua baridi ya Julai, mnaisikia tu kwa jirani. Kwanza mbwa alilazwa bandani pamoja na ng'ombe. Ng'ombe hakumtaka. Alimpiga teke moja, Jenerali akalia kama king'ora mpaka majirani wakawasha taa. Basi Aminieli akamwingiza sebuleni, akamtandikia gunia karibu na mlango, akamwambia Esther ni kwa muda tu, mpaka baridi ipungue.

Asubuhi Esther alikanyaga zulia, akasimama. Akainua mguu, akautazama.

"Baba Hellen."

"Naam, mama."

"Njoo uone jenerali wako alivyopiga vita."

Aminieli hakutishika hata kidogo. Alivuta koti, akasimama kama vile anawahutubia wapagazi kwenye geti la mlima. "Mama Hellen, mimi nimewafundisha Wazungu wazima, madaktari na mawakili, kujisaidia nyuma ya jiwe huku upepo unavuma na vidole vimekufa ganzi. Nitashindwa na mbwa?"

Alishindwa.

Alianza na dawa ya wazee, kumsukumia mbwa pua kwenye kosa lake. Jenerali alielewa vizuri sana, ila alielewa lake: kwamba mzee hapendi kuona. Kuanzia siku hiyo akawa anakwenda nyuma ya kochi. Harufu ikabaki pale pale, ila sasa ilikuwa lazima uitafute. Esther alimwaga maji, akasugua, akaanika zulia juu ya ua wa masale, ile mimea ya mipakani, na wapita njia wote wakajua habari za nyumba ile bila kuuliza. Kwa Marangu hilo ni jambo kubwa, maana pale kuuliza ndiyo starehe yenyewe.

Ijumaa ya juma lile Esther alilirudisha zulia sebuleni, akakaa kwenye kochi, akakunja mikono. Aminieli anaijua mikono ile. Ikikunjwa, hukumu imeshaandikwa.

"Jumamosi ijayo jumuiya inasali hapa kwetu," alisema. "Mwinjilisti Martin atakuja, wakina mama wote watakuja. Kaka Ebenezeri anapeleka ndizi Holili siku hiyo hiyo. Zulia hili likilowa tena, kabla yao au mbele yao, Jenerali anapanda juu ya ndizi. Kaka anataka mbwa wa kulinda stoo."

"Holili? Mpakani kabisa? Mama Hellen, kule ni vumbi na malori! Mtoto huyu ni wa baridi."

"Atazoea. Kule hakuna zulia."

Aminieli alimtazama Jenerali. Jenerali alikuwa anatafuna kamba ya kiatu cha mlimani, kile kiatu cha mwisho ambacho mzee hajakubali kukigawa, na alikuwa anakitafuna kwa heshima, taratibu, kama anayejua kimetoka wapi. Asubuhi hizi, tangu mlima umwache, kiumbe pekee aliyeamka akiwa na hamu ya kutoka naye nje alikuwa huyu.

Basi akabadili mbinu. Kila akiamka, kila akila, kila Jenerali akigeuka geuka, alimfunga kamba akamtoa. Walipita njia ndogo inayokata katikati ya vihamba, migomba huku, kahawa huku, mfereji ukiimba pembeni. Wakazunguka, wakarudi. Jenerali akavuka kizingiti, akafika kwenye ua jekundu la katikati ya zulia, akachuchumaa.

Aminieli alimnyakua hewani. Tone moja tu lilianguka, na bahati ya Mungu liliangukia saruji. Alilifuta kwa soksi yake kabla Esther hajatoka jikoni.

Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu soksi ziliisha.

"Nimemtembeza mpaka kwenye daraja!" alimlalamikia Esther, maana sasa siri ilikuwa imeshanuka. "Kule hafanyi kitu. Anakaa tu ananitazama. Anabana anasubiri zulia. Huyu mbwa ana roho mbaya, ametumwa."

Kesho yake Esther alichukua panga akaenda kupunguza majani ya migomba karibu na njia, akawa anawaona bila wao kumwona. Akaja mama mmoja na mzigo wa majani kichwani. Aminieli akasimama. Habari za kwako, na ng'ombe, na ndama. Jenerali akanusa nyasi, akazunguka, akaanza kuinama.

"Wee! Kaa!" Aminieli alivuta kamba. "Huoni naongea na mama wa watu? Kaa vizuri!"

Jenerali akakaa. Wakaenda hatua chache, akaja mzee mmoja na mkongojo. Shikamoo, mzee. Marahaba, mwanangu. Na goti? Na kanisani? Jenerali akainama tena, akavutwa tena, akakaa tena, mkia ukiwa umekunjwa, macho yakiwa yamemtoka kama mtu aliyekunywa mbege usiku kucha akakuta mlango wa choo umefungwa.

Esther aliacha panga likaanguka. Alicheka mpaka akashika mgomba.

"Baba Hellen!" alitoka migombani akijifuta macho. "Mbwa wako hana roho mbaya. Mbwa wako ana adabu kukuzidi wewe! Umemfundisha kwamba huku nje ni mahali pa kukaa na kusikiliza salamu. Sasa maskini afanyie wapi? Si anakuja nyumbani!"

"Lakini mama, akojoe mbele ya mzee wa watu, mimi nikiwa nauliza habari za kanisani?"

"Basi usiulize. Mtoe, funga mdomo, amalize, rudi."

"Nipite bila kusalimia?"

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aende kanisani bila suruali. Esther akainua mabega, akasema neno moja tu.

"Holili."

Kwa hiyo Aminieli akafunga mdomo. Walioshuhudia wanasema hawakuwahi kuona kitu kigumu hivyo. Kupanda mpaka kileleni ni kazi, sawa, lakini kule juu angalau unaruhusiwa kupumua. Alimpeleka Jenerali nyuma ya banda, chini kabisa ya kihamba, mahali ambapo ua wa masale unamtenga na jirani yake Elisaria. Na nani atakuwa anakata majani upande wa pili? Elisaria mwenyewe.

"Shimbonyi, meku, mzee wangu!" Elisaria aliita. "Leo mapema hivyo?"

Aminieli aliinua kiganja kimoja. Midomo aliibana mpaka ikawa myeupe. Jenerali alinusa, akazunguka, akatazama juu kama anayengoja kukaripiwa. Kimya. Akachuchumaa kwenye shina la mgomba, akamwaga maji marefu, matamu, kama mfereji uliofunguliwa. Aminieli alitaka kupiga vigelegele. Badala yake alimpa kipande cha ndizi ya kuchoma kutoka mfukoni, akamkuna shingo, akarudi ndani bila kusema neno. Nyuma yake Elisaria alibaki na mundu mkononi, uso umemshuka.

Jioni ikawa hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Zulia kavu. Jenerali kavu. Elisaria ndiye aliyekuwa analowa jasho, kwa sababu Marangu mtu akikupita bila salamu, na hasa akiwa Aminieli, basi hiyo ni kesi, na kesi yenyewe ni nzito kiasi kwamba hataki hata kukutamkia.

Alhamisi jua lilipokuwa linazama, hodi ikapigwa. Elisaria alisimama mlangoni, kofia kwapani, na mkononi ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Aminieli aliliona jani, akasimama wima. Mtu akikuletea sale amekuja kuomba msamaha, na ukilikataa hata mababu watageuka makaburini.

"Baba Hellen, ndugu yangu," Elisaria alianza. "Nimekuona unanipita. Ninajua sababu. Ni maji."

Aminieli hakujua maji gani. Alifungua mdomo aulize, kisha, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akaufunga kwa hiari yake.

"Ni kweli," Elisaria aliendelea, "nimekuwa nafungulia mfereji uje kwangu kabla zamu yako haijaisha. Tangu kiangazi. Shetani tu, ndugu yangu, na ile miche yangu ya kahawa. Nisamehe."

Jikoni kulisikika mtu anakohoa ndani ya kitenge. Aminieli alivuta pumzi, akalipokea jani kwa mikono miwili, akatingisha kichwa polepole kama hakimu.

"Nilikuwa najua," alisema. "Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe."

Elisaria alipoondoka, Esther alitoka jikoni akiwa ameshika mbavu. "Ulikuwa unajua!"

"Mama Hellen, kunyamaza ni kipaji. Mimi nilikuwa nacho, nilikuwa sijakitumia."

Jumamosi asubuhi jumuiya ikaja. Viti vilijaa, wakina mama wengine wakakaa kwenye benchi lililotolewa jikoni, miguu yote imepangwa kuzunguka zulia lile jekundu. Nje barabarani gari la Ebenezeri lilikuwa limeegeshwa, limejaa ndizi, na kwa juu palikuwa na nafasi ndogo, saizi ya mbwa. Jenerali alilala kwenye gunia lake, macho yote mawili wazi. Waliimba, wakasoma, mwinjilisti Martin akafundisha kuhusu uvumilivu. Kisha akasema, "Mwenye nyumba atatufungia kwa sala."

Sebule nzima ikavuta pumzi kwa siri. Sala za Aminieli zinajulikana. Zinaanzia kwenye theluji ya Kibo, zinashuka msituni, zinaombea kila kihamba mpaka Moshi mjini, zinapinda kuelekea Rombo mpaka Mkuu, na mtu akiwa na chai yake inayochemka jikoni ajue itakauka.

"Ee Mungu wetu," Aminieli alianza, macho amefumba, "uliyeiweka theluji juu ya Kibo..."

Kwaru.

"...na ukatuma maji yake yatushukie, tukapeana zamu..." Elisaria aliinamisha kichwa zaidi.

Kwaru, kwaru.

Aminieli alifumbua jicho moja. Jenerali alikuwa amesimama kwenye mlango, unyayo juu ya mbao, anamtazama. Hakuelekea kwenye zulia. Hakwenda nyuma ya kochi. Alikuwa anabisha hodi ya kutoka. Upande wa pili, Esther naye alikuwa na jicho moja wazi, na jicho lile lilikuwa linatazama saa ngapi Ebenezeri ataondoka.

Theluji bado ilikuwa mbali sana na Moshi mjini. Kulikuwa na wagonjwa, wajane, wanafunzi wa mitihani, wote hawajatajwa.

"...na mengine yote unayajua mwenyewe, Baba. Amina!"

Akaruka viatu vya watu, akafungua mlango, wakatoka mbio wawili. Ndani walibaki wamefumba macho, hawaamini. Mama mmoja alinong'ona, "Imeisha?" Mwingine akajibu, "Usiongee, atasikia aanze tena." Kisha wote wakakimbilia dirishani, mwinjilisti akiwa mbele, wakamwona Jenerali kwenye shina la mgomba anafanya kazi yake, na Aminieli pembeni amesimama wima, kiganja kwenye paji la uso, anapiga saluti.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema mwinjilisti Martin, na walioitikia waliitikia kwa moyo kabisa.

Esther alitoka barazani. Aliliangalia gari, akaangalia migomba, akapiga kelele mpaka barabarani, "Kaka Ebenezeri! Nenda na ndizi zako tu!"

Aminieli aliporudi chai ilikuwa ya moto bado, jambo ambalo halijawahi kutokea jumuiya ikisali kwake. Alikaa, Jenerali chini ya kiti chake, akaanza kumweleza jirani yake jinsi mbwa anavyofundishwa, kwamba siri ni subira na ulimi mfupi, na maelezo hayo yalichukua vikombe viwili. Wakati wa kuaga mwinjilisti alimshika mkono, akainama kidogo ili wakina mama wasisikie, ingawa walisikia.

"Baba Hellen, juma lijalo tunasali kwa Elisaria. Utatufungia tena." Akatazama chini ya kiti. "Ila tafadhali, uje na huyu."