Kidole cha Bwana Zima

Mtaa mzima unamwita mume wangu Bwana Zima, na yeye anadhani ni heshima. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza jengo la ofisi, na starehe yake kubwa ilikuwa kupita vyumbani akizima kila alichokikuta kinawaka. Makarani walipozidi kuwasha taa mchana, alizifunika swichi kwa visanduku vya chuma, akavitia kufuli, akavaa funguo shingoni. Siku ya kustaafu walimpigia makofi marefu sana. Nilikuwepo. Sijawahi kuona watu wakifurahi vile.

Baada ya hapo kipaji chote kikahamia nyumbani kwangu. Ukienda jikoni kunywa maji, ukirudi chumbani unakuta giza. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ilisukumwa mpaka dirishani kwa sababu, alisema, jua halina mita. Haba na haba hujaza kibaba, ndio wimbo wake. Hicho kibaba nakisubiri mpaka leo.

Mwaka huu binti yetu alikuwa anaolewa. Gauni alilolitaka lilikuwa kwenye laptopu ya nyumbani: michoro, vipimo, na mikono yenye marinda membamba ambayo sijawahi kuishona. Nilimwambia akodishe. Akanijibu, "Mama, umenivisha tangu nizaliwe. Siku hiyo nivishwe na nani?" Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilinunua kitambaa.

Basi nikatandaza kitambaa cheupe, nikabana pini mdomoni, nikatazama mchoro. Kioo cha laptopu kikazima. Nikatema pini, nikafuta chaki mikononi, nikabonyeza, nikaandika nywila ya mume wangu, ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Nikarudisha pini. Kikazima tena.

"Baba watoto! Hii mashine ina nini?"

"Haina kitu. Nimeitia adabu. Ikikaa dakika moja haina kazi, inalala."

"Basi iongezee muda. Naiangalia, siwezi kuigusa kila saa."

Akavaa miwani, akafungua setingi kwa madaha yote ya mtaalamu. Pale pa umeme na kulala palikuwa patupu. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuchagua. Akakohoa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Patupu vilevile.

Kumbe alipoipeleka kwa fundi wa kompyuta, hakutosheka na ile dakika moja. Aliomba na pale pa kubadilishia pafichwe kabisa, ili mimi na binti tusipachezee. Kisanduku cha chuma kingine, ila safari hii hakuomba ufunguo. Fundi naye alikuwa amesafiri kwenda ukweni, simu haipatikani, na dukani kwake waliandika kwamba atarudi Ijumaa. Harusi Jumamosi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wangu alinitanguliza mimi.

"Tuizime, tuiwashe," akashauri. Ndiyo dawa pekee anayoijua duniani. Tukaizima, tukaiwasha, ikaamka na adabu zake zote. Nikamtuma akachapishe michoro. Akarudi na karatasi zilizochapwa kwa nyeusi na nyeupe, maana rangi ni anasa. Mistari ya kukata ilikuwa myekundu na ya kukunja ya bluu; sasa yote ilikuwa imevaa msiba.

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, pini zimetapakaa sakafuni, kwa sababu niliona mwanangu akiingia harusini na gauni lisilo na mikono na mama asiye na la kusema. Mume wangu alitoka chumbani. Nikajua amekwenda kuzima kitu.

Alirudi na kigoda. Akakiweka mbele ya laptopu, akakaa, akanyoosha kidole cha shahada.

"Wewe shona," akasema. "Mimi nitaigusa."

Na aliigusa. Siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, mtu mzima na mvi zake akibonyeza kitufe kama anayempapasa paka asiyemwamini. Kioo kikianza kufifia tu, kidole kimefika. Mtu aliyeishi kwa kuzima alikuwa analinda kitu kisizimike. Nilitamani kuwaita wale makarani waje wapige makofi mengine.

Tatizo la mtu kukaa ni kwamba huanza kuongea.

"Hivi, hivi vikunjo vinaitwaje?"

"Marinda."

"Na unayapiga pasi kabla ya kushona au baada?"

"Baba watoto, nimeshona humu ndani tangu tuoane. Leo ndiyo unauliza?"

"Sikuwahi kukaa," akasema, akagusa kitufe.

Nilifurahi. Na nilikasirika kwa kuwa nimefurahi kwa kitu kidogo vile, baada ya miaka yote hiyo.

Ijumaa mchana fundi wa kompyuta akaja, amenenepa kwa mapishi ya mama mkwe. Mkono mmoja wa gauni ulikuwa bado haujashikizwa. Akaandika mistari miwili mitatu, akawasha upya, na setingi zote zikarudi mahali pake, zimejipanga. "Kitu kidogo tu, mama," akasema. Kidogo kwake yeye. Akaiambia mashine isilale kamwe, akaondoka.

Mume wangu akasimama, akajinyoosha. "Haya, sina kazi tena hapa." Akabeba kigoda chake, akaenda kuzima taa ya ukumbini. Nikamalizia mkono wa mwisho peke yangu, laptopu ikinikodolea macho bila kupepesa. Niliushona vibaya, nikaufumua, nikaushona tena.

Binti alipendeza mpaka wakwe wakanyamaza. Akaenda kwake. Nyumba ikabaki na cherehani, swichi, na sisi wawili.

Wiki iliyofuata niliibeba laptopu mwenyewe mpaka kwa fundi. "Zile setingi," nikamwambia, "zifiche tena. Irudi kulala kila dakika."

"Mama, si ndizo mlizozililia?"

"Mwanangu, fanya kazi."

Jioni nikatandaza kitambaa cha mteja, nikafungua mchoro, nikasubiri. Kioo kikazima, kama mtoto mtiifu. "Baba watoto!" nikaita. "Mashine yako imelala tena!"

Nikamsikia akimlaani fundi toka ukumbini mpaka mlangoni. Aliingia na kigoda mkononi, bado analalamika, akanitazama nilivyoinamia dirishani. Kisha, jua likiwa bado halijazama, akawasha taa.