Wiki Yetu ya Palm Springs

Harufu ya zulia jipya ikichanganyika na kahawa ya hoteli hunifanya nitafute mlango. Hata leo, nikiitwa kwenye mkutano wa kazini huku mjini Katy, ile mikutano ya heshima yenye biskuti na maji ya chupa, kabla sijavuta kiti nimeshaangalia nitatokea wapi. Wenzangu hudhani nina haraka. Sina haraka yoyote, jamani. Nakumbuka tu Jumamosi moja ya Dallas, nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Vickery Meadow, ghorofani, tumezungukwa na majirani wa kila nchi iliyowahi kupigana. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala. Mama alihudumia wazee kwenye makao yao, zamu ya jioni. Siku moja, katika jumba la maduka, Papa aliona gari jekundu limewekwa katikati ya ukumbi, na kando yake kijisanduku cha kutumbukizia jina na namba ya simu. Akatumbukiza. Gari hatukulipata, ila simu iliita: tumeshinda siku chache za mapumziko Palm Springs, mji wa jangwani huko Kalifornia, na tunachotakiwa kufanya ni kwenda kwenye hoteli fulani tukasikilize maelezo kidogo.

Hapo Papa akafanya kosa ambalo ni Mkongomani wa kanisani tu angelifanya. Jumapili alisimama, akatoa ushuhuda. Kwaya ikaimba, mchungaji akaiombea safari, na akina mama wakaanza kumuuliza Mama atavaa nini huko jangwani. Baada ya nyimbo zile, nani angethubutu kurudi nyuma?

Jumamosi ilipofika, tulipokelewa hotelini na mtu aliyeitwa Greg, mwenye meno mazuri na sauti ya kuhubiri. Alitukalisha kwenye meza ya duara, akatuletea kuku na keki, akamsifia mdogo wangu Baraka mpaka Baraka akaingia chini ya meza. Mimi nilikaa katikati ya wazazi wangu, kwa sababu kila Kiingereza cha familia yetu kilipitia kwangu, cha daktari na cha mwenye nyumba.

Niwaambie ukweli, mtu yule alijua kusimulia. Alisema chini ya mji ule kuna chemchemi ya maji ya moto, na wenyeji wa asili walikuwa wakiyaoga na kujitibia tangu zamani za zamani. Kisha wakaja wagonjwa wa kifua kufuata hewa kavu, na nyuma yao wacheza sinema. Hao, alisema, walifungwa na mikataba, wasiruhusiwe kwenda mbali na kazi zao, na mji ule ulikuwa mbali kiasi cha kutosha kupumua na karibu kiasi cha kutosha kuitwa. Wakajenga nyumba za vioo, kila nyumba na bwawa lake la kuogelea. Kwenye televisheni kubwa tukaona minazi isiyo na nazi, mlima mkavu nyuma ya majani mabichi ya uwanja wa gofu, maji ya bluu yasiyo na mtu ndani. Nilitafsiri huku mate yakinidondoka. Bwawa la jengo letu lilikuwa limefukiwa kwa mchanga kabla hatujahamia.

Papa aliuliza swali moja tu. Wale wenyeji wa chemchemi, walikwenda wapi? Greg akasema bado wako, na sehemu kubwa ya ardhi ya mji ni yao mpaka leo, iko katika miraba kama ubao wa drafti, na wenye nyumba wengi huwalipa wao kodi ya ardhi. Sijawahi kumwona Papa akifurahi namna ile. Alimgeukia Mama akasema, umesikia, bado wako.

Tatizo lilikuwa adabu. Kwetu mtu akizungumza unamwitikia, eeh, ndiyo, kabisa, ili ajue humwachi peke yake. Papa aliitikia kila sentensi, na Greg akahesabu kila ndiyo kuwa amekubali kununua. Maana kumbe zawadi ilikuwa chambo. Walichokuwa wanauza ni wiki moja kila mwaka katika nyumba moja ya mapumziko, wiki ya kulipia maisha yako yote.

Papa akaomba ruhusa ya kuondoka, kwa utaratibu. Akasema chakula kilikuwa kizuri, watoto wamechoka, Mungu awabariki. Halafu akakaa kusubiri mwenyeji ainuke, aseme haya karibuni tena, atusindikize hata hatua mbili. Ulikula kuku wa mtu, utaondokaje bila kusindikizwa? Greg alichosikia ni kwamba wageni wamefurahi, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja na bei ndogo zaidi na kahawa mpya. Papa akashukuru, akaomba ruhusa upya, akaja mkubwa wa mkubwa. Ukumbi haukuwa na dirisha. Zamu ya Mama ilikuwa inakaribia, Baraka amelala juu ya zulia, na mimi nimechoka kutafsiri. Niliwachukia wote pale mezani, Papa zaidi, kwa upole wake.

Ndipo Greg akausogeza mkataba, akaegemeza viwiko mezani, akasema polepole kwamba hii itakuwa ya baba na baada yake ya watoto wake, na hakuna mtu duniani atakayeweza kumfukuza.

Nikatafsiri.

"Sema tena," Papa akasema.

Nikasema tena. Akachukua kalamu.

Mama aliweka kiganja chake juu ya karatasi. "Riziki, muulize. Mtu akishaingia humo, anatokaka namna gani?"

Nikauliza. Greg akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anayetaka kutoka.

Mama aliposikia jibu alimbeba Baraka begani. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, ambako hakuna aliyevuka kizuizi bila kibali. Wao walikaa kule ujana wao wote.

"Papa Riziki," alisema, "mlango uko pale. Tutembee."

Papa aliangalia mlango, akamwangalia Greg, akasubiri kidogo. Kisha akalaza kalamu. Aliwapa mikono wote watatu, akawashukuru kwa kuku, tukatoka. Hakuna aliyetufuata. Kanisani walipouliza habari za safari, Mama aliwajibu kwamba jangwani ni joto mno, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilitafsiri vibaya. Niliona aibu kwamba Kiswahili changu kilikuwa kimeanza kulegea kiasi cha baba yangu kuniambia nirudie. Papa aliacha nyumba ya matofali huko kwao Fizi, akikimbia vita usiku, na watu wengine wakaingia humo. Kambini alijenga mara mbili kwenye ardhi ambayo alikatazwa hata kupanda mgomba. Lakini nilikuwa mtoto, na mtoto hajui baba yake amenyimwa nini. Siku hizi najua kwamba alinisikia vizuri mara ya kwanza. Alitaka tu kuyasikia tena maneno yale, na ni mimi niliyekuwa nayasema.